Pepa, Mbwa Aliyefundwa Bellevue

Nimerudisha funguo za banda, koti la mvua na begi la kazini. Filimbi ya akiba nimebaki nayo, na msiniulize. Siku ya kuniaga mlinizunguka mkitaka hadithi, nami nikala keki nikanyamaza, maana kusema mbele ya watu sijakuweza tangu utoto. Kuandika naweza kidogo. Basi haya ni yenu nyinyi mnaobaki, mtakaoendelea kugonga milango ya watu wa Johannesburg na kuwaachia watoto wa mbwa, mkiwaomba wawapende mwaka mzima kisha wawarudishe ili wakawe macho ya watu wasioona. Ni ombi la ajabu ukilitazama vizuri. Nani alipandishwa cheo na nani alistahili sitaandika. Hayo mnayajua, na mengine mmeyatia chumvi.

Mimi niliingia kazini nikiogopa mbwa. Kwetu Voi mbwa ni wa uani: wewe una jiwe, yeye ana meno, na kila mmoja anamheshimu mwenzake. Mke wangu alipopata kazi ya kufundisha chuo kikuu huku, nikamfuata na vyeti vyangu vya ualimu ambavyo hakuna aliyevitaka, nikachukua kazi iliyokuwepo, kuosha mabanda. Siku ya kwanza nilipewa ufagio, mpira wa maji na viatu vya mvua vya mtu mwenye miguu mikubwa kuliko yangu. Nilipofungua mlango wa kwanza, mbwa mmoja mnene wa aina ya labrador akaja akaukalia mguu wangu, akatulia. Nikasimama pale sijui niombe msaada au niombe dua. Aliyenikuta ni Mzee Mofokeng, mkufunzi mkuu wa wakati huo. Hakucheka. Aliniambia nipumue, maana mbwa alikuwa anangoja nipumue.

Mzee Mofokeng ndiye aliyenifundisha kazi, akichanganya Kizulu na Kiingereza, nami nikidaka nusu. Neno lake moja nililidaka lote kwa sababu alilirudia mpaka akastaafu: mbwa hafuati maneno, anafuata mazoea. Ukitaka kujua kinachomwongoza mbwa, usimtazame mbwa, watazame watu wake. Nililichukulia kuwa ni msemo wa mzee, nikalihifadhi.

Baadaye nikawa msimamizi wa walezi, kazi ambayo ndiyo mliyonijua nayo. Kwa wageni watakaosoma, nieleze. Mtoto wa mbwa akishaachishwa ziwa anapelekwa kwa familia iliyojitolea. Kule anajifunza kukaa na watu, kupanda teksi, yaani matatu za huku, kulala chini ya meza, kujisaidia panapostahili. Zaidi ya yote anajifunza kutokula asichopewa. Hilo si suala la adabu tu. Mtu asiyeona ameshika mpini uliofungwa mgongoni mwa mbwa, na mbwa akifuata mfupa, mtu naye anafuata. Kipande cha mkate kilichotupwa kando ya taa za barabarani, ambazo mji huu unaziita roboti, kinaweza kumtoa mtu roho. Ndiyo maana tunatumia filimbi. Chakula kinawekwa, mbwa anakaa, anangoja, filimbi inalia, ndipo anakula. Pasipo filimbi hakuna chakula duniani. Ndivyo tunavyotaka aamini.

Sasa nije kwa Zuhura, maana najua ndiye mliyekuwa mkimngojea.

Alipiga simu ofisini mwenyewe. Sauti ilikuwa ya mtu mzima mwenye haraka, nikamwuliza ana watoto wangapi nyumbani. Akanijibu kuwa mtoto ni yeye, ana miaka kumi na sita, na baba yake ameshakubali kutia saini. Nikaenda kuwaona mtaani kwao, Bellevue. Ilikuwa nyumba ya zamani yenye baraza pana mbele, iliyogawanywa vyumba vyumba, na kila chumba kina nchi yake. Familia ya Zuhura ilikuwa na vyumba viwili vya mbele. Baba yake, Mzee Shabani, ni fundi cherehani mwenye duka Malvern, Jules Street. Bibi yake, Bi Mwanaidi, alitoka Tanga kuja kumlea mjukuu baada ya mama yake Zuhura kutangulia mbele ya haki.

Niliuliza swali tunalouliza wote: kwa nini unataka mbwa huyu? Walezi wengi hunijibu kwamba wanapenda wanyama. Zuhura alitazama mikono yake kwanza.

"Mama alipofuka mwishoni, kwa sababu ya sukari," akasema. "Nilikuwa namshika mkono kila anapokwenda. Nikiwa shule, alikuwa anakaa pale kwenye kiti cha mlangoni ananisubiri. Amevaa kabisa, na mkoba ameshika. Nikichelewa, anachelewa. Sitaki mtu mwingine asubiri hivyo, Anko."

Swali la pili lilikuwa kwenye karatasi, nikaikunja nikaitia mfukoni.

Mzee Shabani alishakwenda kumwuliza shehe wa msikiti wake kabla mimi sijafika, na shehe akamjibu kwamba mbwa wa kazi ana ruhusa yake, mradi twahara itunzwe. Bi Mwanaidi akaweka sheria zake juu ya hizo. Mbwa hataingia chumbani kwake anaposalia. Bakuli la mbwa litaoshwa bombani uani, na Zuhura ndiye mwosha. Na kopo la mchanga litakaa karibu, maana mate ya mbwa yakigusa chombo cha watu kinaoshwa mara saba, moja kwa mchanga. "Na mkono wangu mimi hauna kazi naye," akamaliza. Nilimpenda papo hapo. Nimeshawahi kuwa na walezi waliosema mbwa ni mtoto wao wa kuzaa, wakamsahau kwenye gari.

Aliyekuwa na wasiwasi ni mkuu wangu, Mama Thandeka. Mnamkumbuka: mrefu, mpole, na akisema hapana ni hapana. Tatizo lake halikuwa dini wala Bellevue. Lilikuwa mkeka. Familia ile ilikula chini, kama tulavyo wengi wetu wa pwani, na mtoto wa mbwa huamini kwamba kilicho chini ni chake.

"Eish, Mwadime," aliniambia. "Chakula sakafuni kila siku, mbele ya pua ya labrador?"

Kwa Kiswahili chetu alikuwa anasema namkabidhi fisi bucha. Nilimsihi. Tukaafikiana kwamba baada ya miezi kadhaa atakwenda mwenyewe kumpima mbwa pale pale nyumbani, na mbwa akishindwa kwenye chakula atahamishiwa nyumba nyingine. Nilimweleza Zuhura hivyo hivyo, bila kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Akaitikia kwa kichwa, akanipokonya mtoto wa mbwa mkononi. Alikuwa mweusi tii, na jina alishapewa na wafadhili. Bibi alipojaribu kulitamka likawa Pepa, na sote tukamwita hivyo.

Vita vya kwanza havikuwa vya mkeka. Vilikuwa vya ukarimu. Nyumba nzima ilimlisha Pepa. Chumba cha kati aliishi Papa Kalonji, Mkongomani anayetengeneza simu mjini, mtu wa roho nzuri na sufuria kubwa. Kila Zuhura alipokwenda shule, Pepa alipewa fufu kidogo, ngozi ya kuku kidogo. Nilipompima nikadhani mzani umeharibika.

"Ile imbwa iko na njala, Papa," Kalonji aliniambia nilipomfuata. "Angalia macho yake. Miye siwezi kula na yeye anaangalia."

Nilimweleza kwamba labrador ana macho yale hata akiwa ameshiba mpaka puani. Hakuniamini. Aliyemaliza kesi ni Mzee Shabani. Fulana yetu ya mbwa walio mafunzoni, ile ya buluu, ilikuwa ikimvaa Pepa kama shuka, naye fundi hakuweza kuvumilia. Akaishona upya, akaipiga pindo, akatia na mfuko wa filimbi. Jumapili moja akawaita wapangaji wote barazani, akamvalisha Pepa mbele yao.

"Jamani," akasema, "mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Pepa amekwisha kuwa mgeni. Hili hapa ndilo jembe lake. Anayemlisha anamnyang'anya jembe."

Papa Kalonji aliipapasa fulana. "Basi iko mu kazi," akasema. "Kama iko mu kazi, siwezi kumuharibia kazi yake." Kuanzia siku hiyo yeye ndiye aliyekuwa polisi wa ukumbi mzima.

Basi Pepa akanyooka. Mchana alilala chini ya meza ya cherehani Malvern, vipande vya vitambaa vikimwangukia. Jioni na wikendi Zuhura alimpeleka mjini, kati ya maduka ya jumla na stendi za teksi, kwenye vijia ambako kuna mama anakaanga magwinya, maandazi ya huku, mwingine anachoma miguu ya kuku, na harufu yenyewe inaweza kumfanya mwanadamu asahau anakokwenda. Pepa alipita. Nilikuwa nikifuata nyuma kwa mbali nikijidai naangalia bei za mablanketi, na nilijisikia fahari ambayo haikuwa yangu. Nyumbani kwao nako nilikwenda mara kwa mara, asubuhi au alasiri, kamwe si saa ya chakula. Mtu mwenye adabu zake hafiki kwa watu wakati mkeka umetandikwa, akaonekana kama amefuata harufu. Kumbukeni jambo hilo, litakuja.

Miezi ilipotimia, Mama Thandeka alifika Jumamosi moja. Alimjaribu Pepa kwa kila alichonacho begini: mkate, jibini, nyama kavu wanayoiita biltongi, akaiangusha nusu hatua kutoka puani. Pepa akatazama pembeni kama mtu aliyeona ugomvi wa majirani. Akamjaribu kwa mpira, kwa kelele, kwa mlango kugongwa. Hakuna. Mama Thandeka akafunga kalamu yake, akatabasamu, na Zuhura akanitazama, macho yamejaa.

Sasa, mgeni haondoki nyumba ile na tumbo tupu. Bi Mwanaidi alikuwa jikoni tangu asubuhi. Mkeka ukatandikwa, Mama Thandeka akavua viatu, akakaa upande upande kama wanavyokaa akina mama, pilau ikaja, na sambusa. Pepa alilala mlangoni kwenye kipande chake cha zulia. Mzee Shabani akanyoosha mkono.

"Karibu, mama. Bismillahi."

Pepa akainuka. Hakukimbia, hakuwa na pupa. Alitembea kwa heshima zake zote mpaka kwa mgeni, akachukua sambusa kwenye sahani yake, akaila, akakaa kitako kungoja nyingine.

Kutoka pembeni nikasikia sauti ya Bi Mwanaidi, kavu kabisa: "Mchanga." Zuhura akainuka kwenda kuleta kopo.

Tulilifumbua pale pale uani, sahani ikioshwa. Zuhura hakuweza kula huku kiumbe kinamtazama. Amelelewa hivyo, kama Papa Kalonji alivyolelewa. Kwa hiyo kila usiku alimpa Pepa chakula chake wakati ule ule familia inapokaa mkekani. Aliweka bakuli, akamkalisha, akapiga filimbi kama nilivyomfundisha. Lakini kabla ya filimbi, kila usiku bila kukosa, baba yake alikuwa ameshasema Bismillahi. Pepa akaona filimbi ni mapambo. Ruhusa yenyewe ni lile neno. Biltongi ya Mama Thandeka haikuwa imesomewa chochote, kwa hiyo alijua si yake. Sambusa ilikuwa imesomewa.

Nikamkumbuka Mzee Mofokeng. Watazame watu wake. Mimi watu wake sikuwahi kuwatazama saa ya kula, kwa sababu ya adabu.

Mama Thandeka hakukasirikia sambusa. Alisema ilikuwa tamu, ile aliyobakiziwa. Lakini kazi ni kazi. Johannesburg ina Waislamu kila kona, alisema, na mbwa huyu akipita karibu na mtu anayefungua chakula chake ukingoni mwa barabara, akasikia neno lile, atamvuta mtu asiyeona mpaka kwenye magari. Zoea la namna hiyo ni gumu kuling'oa. Angemchukua Jumatatu, ampeleke nyumba wanayokula mezani.

Mimi nikatoa shauri la kijinga. Nikasema labda familia iwe inasema Bismillahi moyoni. Bi Mwanaidi akanigeukia polepole.

"Mwanangu, mimi nimeanza kulitaja jina la Mungu kabla baba yako hajaoa. Mbwa ndiye atakayefundishika."

Zuhura alikuwa bado ameshika sahani, maji yanamdondoka viwikoni. Alimwambia Mama Thandeka kwa Kizulu, na baadaye akayarudia kwa Kiswahili ili baba na bibi wasikie.

"Mama, wiki ijayo Ramadhani inaingia. Mwezi mzima, kila magharibi, nyumba hii itakaa chini mbele ya chakula kingi kuliko siku zote, na kila mtu atalisema neno hilo kwa wakati mmoja. Ukimpeleka kwa watu wa mezani hatalisikia kabisa, atakuwa amelificha tu. Mbwa atalisahau wapi kama si hapa? Utampatia wapi shule kama hii?"

Nimeshuhudia Mama Thandeka akibishana na wakubwa wa jiji, na madaktari wa mifugo, na mimi. Siku hiyo alirudi mlangoni. Akavaa viatu vyake, akafunga kamba taratibu, kimoja kisha cha pili.

"Mpaka Idi," akasema.

Tukapanga kazi. Chakula cha Pepa kikahamishwa alasiri, uani, kwa filimbi peke yake na kimya kitupu. Magharibi angelala zuliani mwake mlangoni, amefungwa kamba, na asipate hata chembe. Neno litasemwa, na halitamletea kitu. Ndiyo dawa pekee. Kumfokea hakusaidii, maana hajui kosa lake.

Usiku wa kwanza niliombwa nifike. Safari hii sikuwa na kisingizio cha adabu. Mkekani kulikuwa na uji wa pilipili manga, tambi, viazi vya nazi, kaimati zimemwagiwa shira. Adhana ikalia kwenye simu ya Mzee Shabani, kila mtu akashika tende, wakasema Bismillahi kwa pamoja, na Pepa akainuka. Zuhura akaweka tende yake chini, akaenda, akamlaza, akarudi. Akaishika tende. Bibi akamega chapati, akasema lake kwa sauti ya kawaida. Pepa akainuka. Zuhura akaenda tena. Alikuwa amefunga tangu alfajiri, amekwenda shule na kurudi, na kila mara mkono wake ukifika mdomoni mbwa alikuwa amesimama. Uji wake ukaganda. Hakupandisha sauti hata mara moja. Nilitazama pembeni, kwa sababu mzee mzima kulia mbele ya kaimati si jambo zuri.

Ikawa hivyo usiku baada ya usiku. Papa Kalonji, ambaye ni Mkatoliki wa kwenda misa kila Jumapili, alijitolea kuwa mwalimu msaidizi. Alikuja kukaa mkekani, na kila baada ya dakika chache akatangaza "Bisimilai" kwa sauti ya kanisani, kumzoesha mbwa. Kwa kuwa hakutaka neno liende bure, kila alipolisema alikula. Sijapata kuona mtu aliyenenepa kwa kazi ya kujitolea namna ile.

Katikati ya mwezi kukatokea jambo ambalo Zuhura alinisimulia, sikuwepo. Alikuwa amechoka, mtihani wa hesabu kesho yake, na Pepa ameinuka kwa mara nyingine. Alipotaka kusimama, bibi yake akamwekea mkono begani. "Kaa ule, mjukuu wangu," akasema. Bi Mwanaidi akajivuta mpaka mlangoni, akaishika kamba mwenyewe, akamwambia Pepa kwa Kiswahili cha Tanga kwamba mtoto mwenye malezi hangoji kuambiwa mara mbili. Zuhura akamkumbusha kuwa alisema mkono wake hauna kazi naye. "Kamba kavu haina mate, haina neno," bibi akajibu. "Kula." Tangu jioni hiyo zamu ya kwanza ya kamba ilikuwa ya bibi.

Kisha ikaja jioni ambayo simu yangu iliita mimi nikiwa bado njiani. "Anko," Zuhura akasema, pumzi imemkata. "Tumesema wote, na Papa Kalonji akasema tena. Pepa amepiga miayo." Nikaegesha gari. Wale mliofundisha mbwa mnajua. Mbwa akipiga miayo mbele ya kitu alichokuwa tayari kukifia, umeshinda. Niliupiga usukani kwa kiganja kama mtu ambaye timu yake imefunga bao, na mwenye gari la jirani akapandisha kioo.

Siku ya Idi Mama Thandeka alirudi, amejifunga kilemba cha buluu kwa heshima ya nyumba. Wapangaji walijaa ukumbini mpaka ngazi za mbele. Hakuja na biltongi. Akavua viatu, akakaa mahali pale pale alipokaa siku ile, akaomba sambusa. Akaiweka mkekani, upande wa Pepa, karibu kabisa na pua yake. Halafu akalisema neno yeye mwenyewe, wazi, akimtazama machoni: "Bismillahi."

Pepa alimtazama. Akamtazama Zuhura. Akashusha pumzi ndefu, akaweka kidevu juu ya miguu yake, akafumba macho.

Vigelegele vilivyopigwa Bellevue siku hiyo nadhani Yeoville, mtaa wa jirani, walisema kuna harusi. Papa Kalonji alimwinua Mzee Shabani juu juu. Bi Mwanaidi alimjazia Mama Thandeka sahani mpaka ikafurika, na Mama Thandeka alikula yote. Zuhura alikuwa amepiga magoti mlangoni, uso ameuficha shingoni mwa mbwa, na hakuna aliyetaja mchanga.

Mlezi akishinda, zawadi yake ni kunyang'anywa mbwa. Sijawahi kupata njia nzuri ya kulisema hilo. Pepa alipotimiza umri wa kurudi kwetu kwa mafunzo ya mpini, Zuhura alimleta mwenyewe, amemsugua mpaka anang'aa. Alinikabidhi kamba, akalia wazi wazi bila kujificha, nami nikalia kidogo upande wangu. Mzee Shabani hakuweka kitu chini ya meza yake ya cherehani kwa muda mrefu. Wateja walipouliza, alisema pale ni pa mfanyakazi aliyehamishwa.

Kwenye mafunzo Pepa hakumsumbua mtu. Ikafika siku ya kumtafutia mtu wake, na mkufunzi akaniita ofisini kunieleza kwamba kuna Bwana Yusufu, Mzanzibari anayeishi Malvern, anayepokea simu kwenye duka la jumla mjini. Anafaa kwa mwendo, anafaa kwa urefu. Tatizo dogo tu, akasema: bwana huyu hawezi kufanya lolote bila Bismillahi. Akiamka, akishika chai, akifungua mlango, akishusha mguu barabarani. Je, haitamchanganya mbwa? Nilicheka mpaka nikahitaji kiti.

Hatumkutanishi mlezi na mbwa wake mapema. Nyoyo mbili zingevutana. Nilingoja hadi Pepa na Bwana Yusufu walipozoeana kabisa. Asubuhi moja nikamwambia Zuhura afike dukani kwa baba yake, asimame ndani nyuma ya kioo, na asitoe sauti.

Walitokea ng'ambo ya Jules Street. Bwana Yusufu alikuwa na suti ya kijivu, begi begani, mkono wa kushoto kwenye mpini. Pepa alikuwa amekuwa dume la mbwa, kifua hivi. Walipita penye mama wa magwinya, na lilikuwepo moja limeanguka kwenye lami, bado linatoa mvuke. Pepa alilizunguka ili lisimtelezeshe mtu wake. Wakafika ukingoni penye roboti, akasimama. Bwana Yusufu alitega sikio. Teksi moja ikakatiza taa kama kawaida yao, na Pepa hakusogea hata ukucha. Magari yakatulia. Niliona midomo ya Bwana Yusufu ikitamka neno, kisha ikatoa amri, na Pepa akashuka barabarani akimvusha, moja kwa moja, mkia umetulia.

Walipita mbele ya duka. Sikio moja la Pepa likageukia kioo, likarudi mbele. Hakupunguza mwendo.

Nilidhani Zuhura ataumia kwa hilo. Nikamgeukia nikiwa na maneno ya kumfariji tayari. Mzee Shabani alikuwa ameiachia cherehani. Binti yake alikuwa ameegemeza paji la uso kwenye kioo, machozi yanamtiririka, na anacheka, akimtazama yule bwana wa suti ya kijivu akienda zake kituo cha teksi, asubuhi, na begi lake.

"Hakumsubiri mtu, Anko," akasema. "Ametoka tu."